Kwa Mujibu wa Dashibodi

Kwa mujibu wa dashibodi ya pikipiki yangu, mimi ni mtu mtulivu sana. Spidomita iko sifuri. Taa ya kijani yenye herufi N inawaka, maana yake gia iko huru. Sindano ya mafuta imeegemea F, maana yake tangi limejaa pomoni. Namba za kilomita hazijasogea hata moja tangu niinunue. Mtu akipewa taarifa hizo bila kuniona, atasema huyu bwana kaegesha chini ya mwembe, anasubiri kahawa. Kumbe bwana mwenyewe yuko Barabara ya Morogoro, gia ya tatu, nyuma ya lori la mchanga, na petroli aliyonayo haijazi kizibo cha soda.

Kitu kikifa sina ugomvi nacho. Balbu ikiungua naona giza, natoa iliyoungua, naweka nyingine, maisha yanaendelea. Ninachoshindwa kuvumilia ni kitu kilichoharibika ambacho bado kinatoa taarifa, tena kwa kujiamini na kwa taa ya rangi.

Pikipiki niliinunua ikiwa imeshatumika, na dalali aliniapia kwa jina la mama yake kwamba imetumika kidogo. "Mmiliki mmoja tu, kaka. Mwalimu. Shuleni na nyumbani, shuleni na nyumbani." Nimefanya uchunguzi wangu wa vijiweni, na nimegundua kwamba pikipiki zote zinazouzwa mjini hapa zilikuwa za walimu, isipokuwa zile zilizokuwa za wauguzi. Hawa bodaboda waliojaa kila kona, pikipiki zao haziuzwi kabisa. Zikichoka nadhani zinapaa. Ya kwangu kiti chake kimebonyea nyuma mahali pa abiria wawili, na chuma cha mizigo kimepinda kwa umbo la gunia. Ama mwalimu yule alikuwa akibeba darasa zima, ama somo lake lilikuwa mkaa.

Kilomita zilizoandikwa zilikuwa chache kweli, za mwalimu hasa. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo lingestahili kufundishwa shule ya msingi, kabla hata ya jedwali la kuzidisha. Spidomita ya pikipiki hizi za bei yetu haitumii umeme hata chembe. Kebo inatoka kwenye gurudumu la mbele, na ndani yake kuna waya wa chuma unaozunguka kadiri gurudumu linavyozunguka. Huko juu waya huo unazungusha sumaku iliyomo ndani ya kikombe cha alumini. Havigusani, lakini sumaku ikizunguka inakivuta kikombe kiifuate. Springi nyembamba inakizuia, na sindano inasimama pale nguvu hizo mbili zinapokubaliana. Mjerumani Otto Schulze ndiye aliyesajili ubunifu huo, mwaka 1902, na kwa watu wa kipato changu hakuna aliyeona haja ya kuleta kipya. Kebo hiyohiyo ndiyo inayosukuma namba za kilomita. Kwa hiyo ukitaka kuuza pikipiki iliyozunguka mpaka ikachoka ionekane mbichi, huhitaji kompyuta wala mganga. Unachomoa kebo pale gurudumuni, unaendelea kubeba abiria na mikaa yako kwa raha zako, halafu ukichoka unamtafuta dalali mwenye hadithi ya mwalimu.

Kuitengeneza sasa. Fundi makanika akiiona anasema hiyo ni dashibodi, na dashibodi ni umeme, nenda kwa fundi umeme. Fundi umeme anasema hiyo ni kebo, kebo ni makanika. Wote wawili wana hoja, wote wawili wanakunywa kahawa kijiwe kimoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika spana kwa ajili hiyo.

Tuiache kebo, maana umeme wenyewe ndio wenye vituko. Dashibodi yangu ina msimamo wa kisiasa. Nikikata usukani kushoto inawaka yote: N inang'aa, sindano ya mafuta inaruka mpaka F. Nikikata kulia inazimika yote, na sindano inalala E. Nikienda moja kwa moja inategemea mashimo. Maana yake kupinda kushoto kunanijazia tangi, kupinda kulia kunalikausha. EWURA wakitangaza bei kikomo za mafuta, Jumatano ya kwanza ya mwezi, watu wananuna, wanalaumiana, wanapigiana simu. Mimi napinda kushoto.

Kwenye kipilefti mambo yanakuwa magumu zaidi. Kwa sisi tunaopita kushoto mwa barabara, unaingia kwa kukata kushoto kidogo, unazunguka ukiwa umekata kulia, unatoka kwa kukata kushoto tena. Basi mimi naingia nikiwa na tangi limejaa, katikati sina kitu, na upande wa pili natoka nimejaa. Nani mwingine nchini anayepata mafuta kwa utaratibu huo?

Mwenye kunufaika zaidi na hali hii alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, kijana mwenye safari nyingi na pikipiki sifuri. Kila akiazima anarudisha jioni, anaiegesha kibarazani na usukani ameukata kushoto, anawasha swichi mbele yangu. "Shemeji, angalia mwenyewe. Tangi limejaa." Na kweli sindano iko F. Utambishia vipi mtu mwenye ushahidi wa kiwandani? Asubuhi nafika nusu ya njia, pikipiki inakohoa, nainama kugeuza koki iende rizevu, na rizevu nayo kumbe aliitumia jana. Nikilalamika nyumbani mke wangu ananiuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa, "Lakini baba watoto, si ulisema mwenyewe umeiona imejaa?"

Na indiketa. Siku moja trafiki alinisimamisha, akaizunguka pikipiki taratibu huku indiketa zote nne zikipepesa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, afande."

"Mzee unapinda wapi?"

"Kushoto, afande."

"Na huku kulia je?"

Ikabidi nimweleze. Mwalimu wetu mpendwa aliona balbu za indiketa zilizokuja na pikipiki hazina mvuto, akaweka za LED, zile nyeupe zenye kuchoma macho. Sasa ndani ya dashibodi kuna kibalbu kimoja tu cha mshale kinachohudumia pande zote mbili, na hakina waya wake wa kwenda bodi, yaani upande wa hasi. Mguu mmoja umefungwa kwenye waya wa indiketa za kushoto, mguu wa pili kwenye waya wa za kulia. Ukiwasha kushoto, umeme kidogo unapita kwenye kibalbu, unaingia upande wa kulia, unatafuta bodi kupitia balbu za huko. Kibalbu chenyewe ni cha wati 1.7, kwa hiyo kinachopenya ni kama ampea 0.14. Balbu ya kawaida ya wati 10 inataka ampea 0.8 na ushee ndipo iwake. Umeme mdogo hivyo hata hauigutushi. Lakini LED inashiba kwa makombo. Ikipata hiyo 0.14 inawaka na kusherehekea. Ndiyo maana, afande, nikipinda kushoto na kulia kunawaka, ingawa nia yangu ni safi.

Afande alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Mzee, mimi nilikuuliza tu unapinda wapi." Akaniruhusu, nadhani kwa huruma. Siku nikipigwa tochi kwenye kibao cha 50 sijui nitajitetea vipi, maana ushahidi pekee nilionao unasema nilikuwa nimesimama.

Ndipo nikaanza kuzunguka kwa mafundi.

Fundi wa kwanza ni wa ile shule isiyogusa. Aliitazama pikipiki kwa mbali, mikono mfukoni, mswaki wa mti mdomoni. "Bosi, dashi imekufa hiyo. Kariakoo zipo, orijino na kopi." Nikamuuliza tofauti yake. "Orijino ni ile kopi yenye boksi." Ili kunithibitishia, akachomoa dashibodi ya pikipiki nyingine iliyokuwa imelala pale karakana ikisubiri injini, akaichomeka kwenye soketi ya kwangu, akakata usukani kushoto. Ikawaka N. Sindano ikapanda F. Fundi akaitazama kwa masikitiko ya kweli. "Na hii nayo imekufa," akasema.

Hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Dashibodi haijui lolote. Ni kioo, vibalbu na sindano, na kila inachosema imeletewa na waya kutoka mahali fulani. Ukibadilisha msomaji wa taarifa ya habari, habari hazibadiliki. Lakini mafundi wetu wengi wanapenda kuanzia kwenye kitu chenye bei, na waya hauna bei.

Wa pili ni wa shule ya dairekti. Huyu haulizi tatizo linatoka wapi. Anauliza umeme unatakiwa ufike wapi, kisha anaupeleka. Alivuta waya kutoka betri, akaupitisha juu ya kila kitu, akauchomeka dashibodi. "Tumeipa dairekti, mkuu. Kushoto, kulia, popote, inawaka." Hakunidanganya. Iliwaka popote, na iliwaka wakati wowote, ufunguo ukiwa kwenye swichi au ukiwa mfukoni mwangu kitandani. Usiku mzima pikipiki ilikaa sebuleni ikitangazia makochi kwamba tangi limejaa. Alfajiri ukibonyeza honi inaguna. Nikamrudia, akanipa suluhisho lililomjia palepale: nikifika nyumbani niwe nachomoa waya wa betri.

Huyohuyo ndiye aliyenionyesha kwa fahari sehemu ya fyuzi. Fyuzi ya pikipiki yangu ilitakiwa iwe ya ampea 10, ile nyekundu. Nyekundu haikuwepo. Palikuwa na nyuzi za shaba zilizosokotwa vizuri, mikono ya mtu mwenye subira. "Hii haitaungua tena maisha," akasema. Namwamini. Fyuzi haitaungua. Umeme ukizidi itaungua wayaringi, kisha kiti, kisha mimi, na katika majivu yetu watazikuta nyuzi zile za shaba zikiwa salama.

Halafu kuna suala la rangi, ambalo likitajwa kijiweni watu wanacheka. Waliotengeneza pikipiki duniani walihangaika kuweka utaratibu. Kwenye Honda waya wa bodi ni kijani. Kwenye Yamaha ni mweusi. Suzuki wakaona waweke mweusi wenye mstari mweupe, Kawasaki mweusi wenye mstari wa njano. Hawakukubaliana wao kwa wao, lakini kila mmoja ana msimamo wake, ukiujua unafuata. Kwenye pikipiki yangu kuna waya mwekundu umefungwa bodi, waya wa bluu unaoleta umeme, na kipande cheupe ambacho naapa kilikuwa cha simu ya mezani. Nilipomuuliza fundi kwa nini nyekundu iende bodi, alinijibu jibu ambalo mpaka leo sina hoja dhidi yake. "Bosi," akasema, "umeme hauna macho."

Tangi likifunguliwa ndipo unajua umenunua nini. Wayaringi ya pikipiki iliyotumika ni nyumba ya urithi ya Buguruni, kila mpangaji kaongeza chumba chake bila kumuuliza aliyetangulia. Huyu aliweka alamu, ikaharibika, akaitoa, akaacha mikia. Mwingine aliweka redio na spika mbili, maana abiria wa usiku wanapenda muziki. Mwingine taa za urembo chini ya kiti, za zambarau. Mwingine chaja ya simu, mwingine honi ya lori. Vyote vimeshang'olewa na kuuzwa. Waya zake zimebaki, zimefungwa tepu nyeusi iliyoyeyuka kwa joto la injini ikawa gundi inayoshika vidole mpaka jioni. Ukijumlisha na hewa ya chumvi ya mji huu na ule uoshaji wa mashine ya presha, ambapo kijana anakuelekezea maji kwenye dashibodi kana kwamba ana kisa nayo, unazikuta soketi zimeota kutu ya kijani na kioo kina ukungu kwa ndani. Namheshimu kila mmoja wa wapangaji hawa. Natamani tu niwapate wote siku moja, mahali pamoja, mlango ukiwa umefungwa.

Aliyenifaa mwishowe hakuwa fundi pikipiki. Ni fundi redio, mzee wa mtaani kwetu, mwenye kibanda kilichojaa redio za mbao ambazo wenyewe walishafariki na watoto hawazidai. Nilimwamkia, nikamweleza.

"Marahaba. Sitengenezi pikipiki," akasema. Kisha baada ya kimya, "Lakini waya ni waya. Ilete, kijana."

Mimi kijana! Nikaileta mbio.

Alitoa mita ya zamani, yenye sindano, kubwa kama kamusi, akaanza na mambo ambayo wenzake wote waliyaruka. Betri, injini ikiwa imezimwa: volti 12 na nusu. Injini ikinguruma: 14 na kidogo. "Ikikaa kati ya 13 na nusu na 14 na nusu, chaji ni nzima. Ingepanda 15 au 16 ningekwambia rektifaya inakuunguzia balbu. Haijapanda. Betri haina kosa, chaji haina kosa." Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa bodi wa dashibodi, taa zikiwa zimewashwa. Sindano haikutikisika sana. "Ingezidi volti 0.2 ningesema bodi ina kutu mahali. Haina." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Sasa aliyekwambia dashi imekufa, aliipima na nini?"

"Na macho, mzee."

Akaguna. Akaichomoa kwanza ile dairekti, akaenda kwenye tangi, akachomoa waya wa kile chombo chenye boya kinachopima mafuta, akaniambia nikate kushoto. Sindano ikapanda F vilevile. Mzee akaushika ule waya uliochomolewa, akanionyesha. "Tangi halimo kwenye mazungumzo, na dashi bado inasema limejaa. Anayeongea ni nani?"

Kwenye pikipiki za aina hii, akanieleza, waya huo ukikatika sindano inalala tupu. Ukigusa bodi inasimama imejaa. Taa ya N nayo ni ukoo uleule. Umeme unatoka kwenye swichi, unapita kwanza kwenye kibalbu, kisha unashuka mpaka kwenye sanduku la gia, na pale gia ikiwa huru ndipo unagusa bodi na taa inawaka. Waya ukichubuka popote njiani ukakutana na chuma, taa inawaka, uwe gia ya kwanza au ya nne, haina habari. Nikakumbuka asubuhi ile nilipopiga kiki huku N ikinihakikishia usalama, pikipiki ikaruka kwenda kuvunja ndoo ya jirani. Jirani yule mpaka leo anaamini nilikusudia.

Basi kwa mzee matatizo matatu yakawa na anwani moja. Alinikalisha juu ya pikipiki, akaingiza vidole chini ya shingo ya usukani, akafumba macho.

"Kushoto. Kulia. Kushoto. Taratibu, hufanyi mazoezi. Kulia. Rudi kidogo. Hapo."

Mikono iliniuma, jua likahama kutoka bega hili kwenda bega lile, watoto wakaja kutazama, wakachoka, wakaondoka. Alichokipata ni kamba ya plastiki. Yule mpangaji wa alamu aliufunga mzigo wote wa waya kwenye fremu pale shingoni, akakaza kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, ili zisicheze. Waya za shingoni kazi yake ni kucheza. Usukani ukigeuka lazima nazo zisogee. Zikinyimwa, kila kona ya mji zinavutwa. Ule unaoleta umeme wa dashibodi ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, ganda zima, shaba imeachana: ukikata kushoto ncha zinagusana, ukikata kulia zinatengana. Ya N na ya mafuta zilikuwa zimechubuliwa na ukingo wa fremu, zimelala kwenye chuma, zinasema zilivyotaka. Dashi ya Kariakoo, yenye boksi au isiyo na boksi, ingeipokea pikipiki ileile na habari zilezile.

Nilidhani sasa atalehemu, maana kibanda kizima kinanuka lehemu. Akakataa. "Hapa shingoni silehemu. Pakilehemiwa panakakamaa, halafu patakatika pembeni yake." Akaweka vipande vipya virefu vyenye nafasi ya kujikunja, akalehemia huku chini ya tangi pasipogeuka, akaiondoa kabisa ile dairekti bila kuniuliza, akazitupa nyuzi za shaba na kuweka fyuzi nyekundu. Kwa indiketa alifungua redio moja ya marehemu, akatoa diodi mbili, akazifunga nyuma ya dashibodi: kila upande sasa unakifikia kile kibalbu cha mshale kupitia diodi yake, ambayo inaruhusu umeme kwenda na hairuhusu kurudi, na mguu wa pili wa kibalbu ukapewa bodi yake mwenyewe. Nikawasha kushoto. Kushoto peke yake. Nikawasha kulia. Kulia peke yake. Nilitamani afande apite.

Nikamwomba, maadamu vifaa viko nje, anitazamie na spidomita. Akaitazama kebo, akanirudishia uso. "Hiyo si umeme," akasema. Aliniomba elfu kumi na betri mbili za redio yake, na akanikataza kuipeleka kwa mashine ya presha.

Sasa nina dashibodi inayosema kweli kuhusu kila kitu isipokuwa mwendo, na sikutegemea ingekuwa inachosha hivi. Zamani nilikuwa natoka nyumbani na tangi limejaa, moyo mweupe, mpaka pikipiki inapokohoa. Siku hizi nakuwa nimeshajua shida yangu kabla sijavaa helmeti. Sindano inakaa karibu na E kuanzia tarehe kumi ya mwezi na haioni haya. N inazimika nikiwa taa nyekundu nadhani nimetoa gia, kumbe bado, na inanionyesha mbele ya watu. Mke wangu ameshajua kuisoma. Anapita kibarazani anachungulia, anauliza pesa ya mafuta niliyoaga nayo asubuhi imekwenda wapi.

Shemeji yeye hakuwa na taarifa za matengenezo. Aliazima juzi, akarudi magharibi, akaiegesha palepale, akaukata usukani kushoto kwa ustadi uleule, akawasha swichi na kunikaribisha nitazame. Sindano haikusogea. Akaukata tena kushoto, kwa nguvu kidogo. Akakigongagonga kioo kwa kidole. Kisha akanigeukia, uso umejaa huruma.

"Pole sana shemeji," akasema. "Dashi yako imeharibika. Nimeweka mafuta, inaonyesha tupu. Lakini usijali, namjua fundi mmoja, anaipa dairekti."